Kutoka Mlango hadi Hesabu: CD4 katika Historia ya Tiba ya VVU, Nyasho, Musoma

Mwaka 1983 wagonjwa 3 wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waliripotiwa mkoani Kagera, magharibi mwa Ziwa Victoria. Kufikia 1986 mikoa yote ya Tanzania Bara, ukiwemo Mara ulio mashariki mwa ziwa hilo, ilikuwa imeripoti wagonjwa. Historia ya janga hilo husimuliwa zaidi kupitia vifo, yatima na kampeni. Jina CD4, ambalo mgonjwa wa kata ya Nyasho, mjini Musoma, hulisikia kliniki bila kutafsiriwa, nalo lina historia yake.

CD4 ni protini, si seli. Desemba 1984 vikundi viwili vya watafiti, kimoja cha London na kingine cha Paris, vilichapisha katika toleo moja la jarida la Nature matokeo yaliyooana: virusi huingia katika chembe nyeupe za damu kwa kushika protini hiyo, wakati huo ikiitwa T4. Kazi yake ya asili ni kuisaidia seli kutambua vipande vya vimelea vinavyoonyeshwa na seli nyingine. Virusi vilikuwa vikipita katika mlango unaotumiwa na kinga yenyewe.

Hata hivyo, mlango huo peke yake haukutosha, kwa kuwa seli za panya zilizopewa CD4 ya binadamu zilishikwa na virusi lakini hazikuambukizwa. Fumbo hilo lilidumu hadi 1996, vipokezi wenza CXCR4 na CCR5 vilipobainishwa. Protini ya virusi iitwayo gp120 hushika CD4, hubadili umbo, ndipo hushika kipokezi mwenza. Kisha gp41 huunganisha utando wa virusi na wa seli. Mwaka huohuo ilionekana kuwa waliorithi kwa wazazi wote wawili jeni pungufu ya CCR5 huambukizwa kwa nadra sana. Jeni hiyo hupatikana zaidi kaskazini mwa Ulaya na ni adimu mno Afrika. Kwa Musoma haikuwa kinga ya yeyote.

Kilichofika Musoma ni hesabu. Mpango wa taifa wa tiba na matunzo ulipoanza mwaka 2004, mtu mzima asiye na dalili kali alistahili dawa pale tu CD4 zake ziliposhuka chini ya 200 katika mikrolita moja ya damu. Uhaba wa dawa na fedha ulichangia kanuni hiyo. Mwenye 260 alirudi nyumbani bila dawa, ilhali gp120 iliendelea kushika seli zake kila siku.

Lugha nayo ilichangia. Elimu ya afya iliziita seli hizo askari wa mwili, sitiari iliyoeleweka upesi. Lakini CD4 ikageuka jina la askari wenyewe, hata ikasemwa kwa wingi, “CD4 zangu zimepanda”, na habari ya mlango ikapotea. Kwa fikra hiyo, mwenye askari wengi hakuwa na sababu ya kuharakisha dawa.

Mwaka 2015 utafiti wa START, uliohusisha pia Uganda, ulionyesha kuwa kuanza dawa CD4 zikiwa juu ya 500 kulipunguza magonjwa makubwa na vifo kwa zaidi ya nusu. Tanzania ilianza kutoa dawa kwa wote mwaka 2016. Kipimo cha wingi wa virusi ndicho kinachofuatilia tiba sasa, ila 200 ileile bado hutumika kutambua ugonjwa uliokithiri.