Dukuduku la Mizimu

Katika orodha mpya ya kamati yetu ya istilahi za fasihi, iliyonifikia kwa hisani ya mtu asiyependa kutajwa, kuna ingizo hili: “riwaya ya mauaji starehevu yenye nguvu zisizo za kawaida.” Msomaji anajua kinachosemwa. Ni ile hadithi ya mji mdogo ambamo mizimu ni majirani, maiti ni moja tu na haimwagi damu mbele za watu, na mama muuza maandazi anamtambua muuaji kabla askari hawajamaliza chai. Waingereza wana neno fupi kwa jambo hili: *cosy*. Kamati yetu imelipa maneno tisa, na yote tisa hayalifikii.

Nianze na starehe. Asili yake ni Kiarabu, *istiraha*, yaani kupumzika, na humo ndani mna raha. Mizizi hiyohiyo ya Kiarabu ndiyo iliyotupatia roho. Kwa hiyo raha na roho ni ndugu wa tumbo moja, na laiti kamati ingelijua hilo ingejitetea vizuri zaidi kuliko ilivyojitetea. Pwani, mgeni akiingia nawe ukataka kunyanyuka, atakwambia “Starehe!” akimaanisha usisumbuke, kaa. Hiyo ndiyo starehe ya heshima. Lakini neno limetembea. Leo mtu wa starehe, iwe Dar es Salaam au Iringa, ni yule ambaye mshahara wake haufiki nyumbani. Ukisema “mauaji starehevu” msomaji haoni kibaraza wala birika la chai. Anamwona muuaji anayefurahia kazi yake. Kwa kiambishi kimoja cha -vu, hadithi ya kumtuliza mgonjwa imegeuka kuwa habari ya kutisha.

Yupo na mwenzetu mwingine, msomi wa siku nyingi, anayeshikilia tutohoe tu: “kozi.” Hoja yake ni kwamba Kiswahili kimetohoa kila kitu, kwa nini kisitohoe na hili? Nakubali tumetohoa. Ila nafasi hiyo imeshakaliwa mara mbili. Kozi ni masomo, kozi ya udereva, kozi ya kompyuta. Na kabla ya hayo kozi ni ndege, jamaa ya mwewe, anayewashukia vifaranga. “Riwaya ya kozi” itapangwa ama kwenye rafu ya vitabu vya kiada ama kwenye ya ufugaji wa kuku. Nilimweleza hivyo mbele ya watu, naye hajanisalimu tangu siku hiyo.

Fumbo, je? Fumbo ni neno zuri na silisemi vibaya. Limetokana na kufumba, na kinachofumbwa kina mtu aliyekifumba kwa makusudi, ili mjinga abaki nje na mwerevu afumbue. Huko ni kwa washairi na waimbaji wa taarabu. Katika hadithi tunazozizungumzia, anayetaka kujua si mwerevu aliyefumbiwa. Ni jirani aliyesikia kishindo usiku na hawezi kulala.

Sasa “nguvu zisizo za kawaida.” Zisizo za kawaida kwa nani? Neno mzimu limo katika familia pana ya lugha za Kibantu. Wasotho wana *badimo*, wahenga waliotangulia, na *Modimo*, ambaye kwao ndiye Mungu mwenyewe. Wazulu wana *izimu*, dubwana linalokula watu, ambalo ni zimwi letu lilelile. Kiswahili kikaongeza kuzimu, mahali, kisha kikaupa mzimu wenyewe maana mbili: roho ya aliyekufa, na pango au mti anakotambikiwa. Wahehe huwaita waliotangulia *masoka*, na hakuna aliyewahi kuwaweka kwenye kundi la yasiyo ya kawaida. Kuna waliopendekeza “kimzuka,” bila kujua kwamba vijana siku hizi wakisema wana mzuka wanamaanisha wamepandwa na msisimko, tena wa muziki. Kuna waliopendekeza “kimazingaombwe.” Mazingaombwe ni yule bwana aliyekuja shuleni na kofia akatoa njiwa, nasi tukalipa kiingilio. Mzimu hautoi njiwa.

Nilieleze hili, la mizimu kuwa jambo la kawaida, kwa mfano wa mahali ninapopajua. Kalenga ipo kilomita kama 15 kutoka Iringa mjini, kando ya Ruaha Ndogo. Hapo ndipo ilipokuwa Lipuli, ngome ya Mkwawa, mtwa, yaani chifu, wa Wahehe, iliyoangukia mikononi mwa Wajerumani wa Tom von Prince tarehe 30 Oktoba 1894. Jirani yake ni Tosamaganga, kilima ambacho wenyeji husimulia kwamba jina lake, kutupa mawe, lilitokana na mizinga iliyopigwa kutoka huko. Mkwawa aliponyoka akapigana porini karibu miaka minne, huku kichwa chake kikitangaziwa rupia 5,000. Tarehe 19 Julai 1898, huko Mlambalasi, alijipiga risasi asikamatwe. Sajini Merkl wa Wajerumani akaamuru kichwa kikatwe.

Hapo ndipo hadithi yenyewe inapoanza. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, ulioandikwa kumaliza vita ya dunia nzima, una kifungu cha 246 kinachoitaka Ujerumani ikabidhi ndani ya miezi sita vitu viwili: Kurani ya Khalifa Uthman na fuvu la Sultani Mkwawa. Miezi sita ikawa miaka 35. Hatimaye Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, akaenda mwenyewe kwenye jumba la makumbusho la Bremen, akakuta mafuvu yapatayo 2,000, ambayo 84 yalitoka Afrika Mashariki ya Kijerumani. Akachuja yale ambayo vipimo vyake vilikaribiana na vya vichwa vya jamaa wa Mkwawa walio hai. Katika hayo, moja lilikuwa na tundu la risasi. Akasema ndilo. Tarehe 19 Juni 1954 lilikabidhiwa kwa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi, aliyekuja kuwa Spika wa Bunge, na leo limo ndani ya sanduku la kioo katika makumbusho ya Kalenga.

Je, ndilo? Wapo wanaosema ndilo na wapo wanaotikisa kichwa. Wanayajadili hayo wakinywa ulanzi wa asubuhi, pombe ya mianzi ambayo haijawa kali, bila mtu kushusha sauti kana kwamba marehemu atakasirika. Hawaogopi. Hawastarehe pia. Kuna kitu kimewakaa kifuani na hakitoki, na kitu hicho Kiswahili kimekipa jina zamani: dukuduku.

Dukuduku ni hamu ya kujua iliyochanganyika na wasiwasi mdogo, wasiwasi usiomzuia mtu kula. Mwenye dukuduku hatetemeki, ila hatulii. Mimi nina imani, na wataalamu wa isimu wakipata kigugumizi wanisamehe, kwamba limezaliwa nyumba moja na dukua, kusikiliza maneno ya watu kwa siri. Mdukuzi alikuwa yule anayetega sikio ukutani, hadi walipomchukua wakampeleka kwenye kompyuta kuiba nywila. Hawakuniuliza. Lakini mtazame mpelelezi wa hadithi hizi: hana bunduki wala cheo, ana sikio na ukuta wa jirani. Dukuduku linamtuma, naye anadukua. Lugha ilikwisha kuifanya kazi yote, kamati ilipaswa kuokota tu.

Nilipolipeleka pendekezo, nilijibiwa kwa barua ya mistari mitatu kwamba dukuduku “ni hisia, si utanzu.” Naomba basi waniambie tanzia ni nini. Tanzia ni *taazia* ya Kiarabu, kufariji wafiwa, nasi tumekuwa tukiisikia redioni kwa habari za misiba. Ikaingia darasani ikawa jina la tamthilia inayoishia kwa maangamizi, na hakuna aliyelalamika. Taharuki je? Asili yake kutikisika tu. Leo kila mwanafunzi wa sekondari anaijadili taharuki katika riwaya teule. Hisia mbili zimepewa vyeti, ya tatu inazuiwa mlangoni, na ninayo haki ya kushuku kwamba inazuiwa kwa sababu ya aliyeileta.

Wala aina hii si ngeni kwetu hata tuisubiri ipewe jina na wengine. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi aliyewahi kuwa mkaguzi wa afya kabla ya kuwa mhariri, alishinda shindano la uandishi la mwaka 1957/58 kwa *Mzimu wa Watu wa Kale*, kitabu kikatoka 1960. Maiti inakutwa mzimuni, mji mzima unanong'ona, na mpelelezi, Bwana Msa, anatia tumbaku kwenye kiko chake na kuanza kuuliza maswali ya upole. Mwaka 1968 akatoa *Kisima cha Giningi*. Giningi ni ule mji wa wachawi wa masimulizi ya Zanzibar, na mji mdogo wa mizimu uliozidi huo sijausikia. Wahakiki wamemweka Abdulla kwenye riwaya ya upelelezi, sawa na wale waliokuja baadaye na bastola na magari ya kasi. Kamati ingeanzia kwake ingeona kwamba kitu kilitangulia na jina ndilo lililochelewa.

Nami, kwa kuwa nimetuhumiwa kutetea maslahi yangu, nikiri kwamba ninayo. Niliwahi kuandika hadithi ya kijiji cha kubuni kando ya mto kama wetu. Humo mna fuvu la mtwa wa kale, na bibi anayefagia chumba chake hulisalimu kila asubuhi: “Kamwene, Mtwa.” Nalo huitikia, “Kamwene.” Asubuhi moja likaitikia, “Marahaba, mwanangu.” Bibi akaweka ufagio chini. Mhehe wa karne ile hawezi kuitikia hivyo. Fuvu limebadilishwa usiku, na aliyelibadilisha amelileta la mtu wa pwani. Hadithi ilirudishwa na mchapishaji ikiwa na alama pembeni: “Mauaji starehevu? Mbona hakuna aliyeuawa?”

Matumizi, kwa haraka: riwaya ya dukuduku, wingi riwaya za dukuduku. Ikiwa na mizimu, ni dukuduku la mizimu. Ikiwa na majini, la majini. Mpelelezi wake ni mdukuzi, na watu wa kompyuta watafute neno lao. Mwandishi wake hahitaji istilahi, aitwe mwandishi, na alipwe.