Historia na Nesi, sehemu ya 7: Vibakuli vya maji chini ya vitanda vya Panama

Mama, bila shaka umeziona zile video za watalii juu ya meli kubwa, na meli inapanda kama iko kwenye lifti. Huo ni Mfereji wa Panama. Meli inaingia kwenye chumba cha zege, milango ya chuma inafungwa nyuma yake, maji yanajaa, inanyanyuka. Hakuna pampu, maji yanashuka yenyewe kutoka Ziwa Gatun lililo juu. Ukitokea Atlantiki ni vyumba vitatu mfululizo, mita 26 kwenda juu, kisha unavuka ziwa na kushushwa upande wa pili. Watu wanapiga picha, watoto wanapunga mikono. Mimi nawaza wodi.

Wafaransa ndio walioanza kuchimba mwaka 1881, chini ya Ferdinand de Lesseps, yule wa Suez. Walijenga hospitali nzuri kwenye kilima cha Ancon, wauguzi wake wakiwa watawa. Sasa, sisimizi walikuwa kero, wanapanda mpaka vitandani. Basi miguu ya vitanda ikawekwa kwenye vibakuli vya maji. Jamani, hata mimi ningefanya hivyohivyo! Mbu wakazaliana humohumo, na madirisha hayana wavu. Mtu analazwa kwa mguu uliovunjika, mbu aliyemuuma jirani mwenye homa ya manjano anakuja kumuuma na yeye. Kampuni ilipofilisika 1889, inakadiriwa watu 22,000 walikuwa wameshakufa.

Kinachoniuma ni kwamba mwaka huohuo wa 1881 daktari wa Cuba, Carlos Finlay, alishasema mbu ndiye anayeeneza homa ya manjano. Wakamcheka. Ilichukua karibu miaka 20 mpaka timu ya Walter Reed ikathibitisha pale Havana. (Mbu mwenyewe ndiye huyu wa dengue iliyotusumbua Dar 2014 na 2019. Anapenda maji yaliyotulia: pipa, ndoo, hata kisahani cha chini ya chungu cha maua.)

Wamarekani walikuja 1904 na Dokta William Gorgas. Wakubwa zake waliona anapoteza hela. Akafukiza nyumba, akamwaga mafuta kwenye madimbwi, akaweka nyavu madirishani, na maji ya bomba yakaletwa mjini ili watu waache kuhifadhi kwenye mapipa. Mwishoni mwa 1905 homa ya manjano ikaisha Panama mjini.

Ila msidhani wote walinufaika sawa. Wachimbaji wengi walikuwa weusi kutoka Barbados na Jamaika. Wamarekani weupe walilipwa dhahabu, wao fedha, na hata wodi zilitengwa. Nyavu nazo zilianzia kwenye nyumba za weupe. Kumbukumbu za hospitali zinataja vifo 5,609 katika miaka ile ya Wamarekani, magonjwa na ajali pamoja. Karibu 4,500 ni wa weusi.

Meli iliyofungua mfereji rasmi tarehe 15 Agosti 1914 iliitwa Ancon, jina lilelile la kilima cha hospitali.

Wenye maswali ya dengue kwa watoto yaacheni hapo chini, nitajibu nikitoka zamu.