Dubai: Kioo kinachozuia joto na mawimbi ya redio

Katika maghorofa ya Dubai, kioo kinachozuia joto la jangwani lisiingie ofisini huzuia pia mawimbi ya simu ya mkononi.

Vioo vya aina hiyo hupakwa utando mwembamba wa metali. Mwanga hupita, lakini joto hurudishwa nje, na mawimbi ya redio pamoja nalo.

Makadirio yaliyotolewa na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, mwaka 2017 yanaonyesha ukubwa wa tofauti. Katika masafa ya gigahezi 1, jengo la kawaida hupitisha takriban sehemu moja kati ya 18 ya nguvu ya mawimbi. Lililokingwa dhidi ya joto hupitisha sehemu moja tu kati ya 660.

Ndiyo maana katika majengo ya namna hiyo antena hulazimika kuwekwa ndani, na mhandisi hutakiwa kujua mapema mawimbi yatasafiri vipi humo.

Mwangwi wa ukutani

Wimbi lililo ndani ya jengo halifiki mara moja. Hugonga kuta, dari na milango ya lifti, likampata msikilizaji kwa njia nyingi, kila moja na wakati wake.

Katika nanosekunde moja wimbi husafiri sentimita 30. Mtambo wa Wi-Fi unaotumia upana wa megahezi 20 hutofautisha miangwi ambayo njia zake zimepishana kwa takriban mita 15. Kwa megahezi 320, upana mkubwa zaidi wa Wi-Fi 7, mita moja yatosha. Kadiri bendi inavyopanuka, ndivyo kielelezo kinavyotakiwa kueleza mwangwi mmoja mmoja.

Kielelezo mashuhuri zaidi kilichapishwa mwaka 1987 na Adel Saleh na Reinaldo Valenzuela, watafiti wa maabara za AT&T Bell nchini Marekani. Walipima katika jengo la ofisi la orofa mbili tu, wakagundua kwamba miangwi huja kwa makundi, na kila kundi hufifia kadiri muda unavyopita.

Ugunduzi huo ungali unatumika. Tarakimu zake, hata hivyo, haziwezi kuazimwa hivi hivi kwa jumba la maduka lenye marumaru na kumbi pana. Sharti zipimwe upya.

Kompyuta nayo huweza kufuatilia kila mwale katika ramani ya jengo, ingawa ramani aghalabu haisemi kilichofichwa nyuma ya plasta.

Nani apewe masafa?

Suala la kuta lilifika mbele ya mataifa mjini Dubai kwenyewe, katika mkutano wa dunia wa redio uliofanyika Novemba na Disemba 2023. Watetezi wa simu na wa Wi-Fi waligombea masafa ya gigahezi 6.425 hadi 7.125.

Kwa Afrika, Ulaya na nchi za Kiarabu, masafa hayo yalitengewa simu za mkononi, huku matumizi ya Wi-Fi yakitambuliwa.

Pendekezo moja ni kwamba Wi-Fi ibaki ndani na simu nje, ukuta uwe mpaka. Kwenye mnara wa vioo wa Dubai mpaka huo ni imara. Katika nyumba ya matofali ya Dar es Salaam au Mombasa, yenye madirisha yaliyoachwa wazi kupisha upepo, mawimbi huvuka pande zote mbili.