Chanuo, Penseli na Wembe: Siasa ya Nywele za Kipilipili

Kiswahili kina majina mawili ya kutofautisha nywele: singa kwa zile zinazolala, na kipilipili kwa zile zinazojiviringa katika vishungi vidogo mithili ya punje za pilipili. Majina yote mawili yanaeleza umbo. Hakuna linalotoa hukumu. Hukumu imetolewa na taasisi: sheria, shule na ofisi. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba kutatana kwa nywele ni suala la maarifa, lakini historia ya karne iliyopita imeligeuza kuwa suala la tabia na hadhi ya mtu, na watoto wetu wanaendelea kulipa gharama yake.

Tuanze na maumbile. Unywele wa singa ukikatwa, sura ya mkato wake hukaribia duara. Ule wa kipilipili ni bapa, nao hujipinda tangu unapochomoza. Mafuta yanayotolewa na ngozi ya kichwa huteremka kwa urahisi kwenye unywele ulionyooka, bali hukwama katika kila pindo la unywele uliojiviringa. Ncha hubaki kavu, huparuzana, hushikana na kufunga mafundo. Anayezichana zikiwa kavu, kwa kitana chenye meno ya kubana, akianzia shinani, huyakaza mafundo hayo na kuzikata nywele. Bibi zetu walilijua hili bila maabara: walilowesha, wakapaka mafuta ya nazi, wakagawa nywele mafungu mafungu, wakachana kwa chanuo la meno marefu kuanzia nchani kuelekea shinani, kisha wakasuka. Msuko haukuwa pambo tu. Ulizuia nywele zisisuguane kwa siku kadhaa.

Maarifa haya yana historia ndefu. Mwaka 2013, Jumba la Makumbusho la Fitzwilliam mjini Cambridge lilionesha historia ya chanuo la Kiafrika, likianzia Misri ya kale miaka ipatayo 6,000 iliyopita. Anayedai kwamba Waafrika walisubiri wageni ndipo wajifunze unadhifu wa kichwa ana kazi ya kuvieleza vyombo hivyo.

Dola iliyolitumia fundo la nywele kwa ukatili wa wazi kabisa ni Afrika Kusini ya ubaguzi. Sheria ya Uandikishaji wa Watu ya 1950 iliwagawa raia kwa rangi. Penye utata, maofisa walitumia jaribio la penseli: penseli ilichomekwa nyweleni, ikianguka, mtu aliweza kuhesabiwa Mzungu, ikinasa, alinyimwa daraja hilo. Mwaka 1966 Sandra Laing, mtoto wa miaka 10 aliyezaliwa na wazazi Wazungu, aliondolewa shuleni na kuandikwa Chotara kwa sababu ya rangi ya ngozi yake na nywele zake. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1991. Hata hivyo, mwaka 2016 wasichana Weusi wa Pretoria High School for Girls waliandamana, wakilalamika kwamba nywele zao za asili zilihesabiwa uchafu.

Sisi Tanzania hatukuwa na penseli. Tulikuwa na nia tofauti kabisa. Operesheni Vijana, iliyotangazwa na Umoja wa Vijana wa TANU mwaka 1968 na kuanza kutekelezwa Januari 1969, ilipiga marufuku mawigi pamoja na sketi fupi, suruali za kubana na krimu za kuchubua ngozi. Lengo lilikuwa kulinda utamaduni wa taifa. Lakini kukataza wigi si sawa na kufundisha kuzitunza nywele zilizo chini yake.

Badala ya kufundisha, shule zetu nyingi zilichagua wembe na mkasi. Sababu tunazijua: chawa, uhaba wa maji, muda wa masomo, na usawa kati ya mwenye fedha ya kumlipa msusi na asiye nayo. Sizibezi sababu hizo. Lakini tuyatazame matokeo. Binti anamaliza kidato cha nne akiwa hajawahi kuzichana nywele zake mwenyewe. Zinapokua na kutatana, anaziita ngumu, kisha anakimbilia dawa ya kunyoosha. Baadhi ya dawa hizo zina kostiki soda, ileile inayotengenezewa sabuni, nayo inaweza kuunguza ngozi ya kichwa. Tumemnyima maarifa, halafu tunamlaumu kwa kuiga.

Nchini Kenya, Mahakama Kuu iliamua mwaka 2019 kwamba shule ya sekondari ilikosea kumrudisha nyumbani mwanafunzi Mrastafari kwa sababu ya nywele zake. Hukumu hiyo ilijengwa juu ya uhuru wa dini na haki ya elimu. Ninaiunga mkono, ila inaacha swali zito: binti asiyedai imani yoyote, bali nywele tu kama alivyozaliwa nazo, atatetewa na nini?

Kwa watumishi wa umma wanaoandika kanuni za shule, pendekezo langu ni hili: kanuni ipime usafi, isipime umbo. Msuko wa kawaida, usio na nywele za bandia, ambao wanafunzi wanaweza kusukana wenyewe siku ya Jumamosi, uruhusiwe. Gharama yake ni chanuo na mafuta kidogo. Anayependa kunyoa anyoe kwa hiari. Na katika masomo ya stadi na sayansi kimu, utunzaji wa nywele za kipilipili upewe kipindi chake. Shule humfundisha mtoto kupiga mswaki na kunawa mikono. Hakuna sababu ya kutomfundisha kuzichana nywele za kichwa chake.