Udongo Kwanza, Injini Baadaye

Birongo haina reli, na haijawahi kuwa nayo. Reli ya Uganda, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu Desemba 1901, ilipita Nakuru, ikapanda Mau, ikateremkia Muhoroni na kuishia ziwani, ikaiacha milima ya Gusii upande wa kusini. Mzigo wa Kisii uliokuwa ukielekea relini uliteremshwa kwanza hadi gati la Kendu Bay, ukapakiwa melini, ukavushwa hadi Kisumu, na huko ndiko ulikokutana na behewa. Kwa hiyo mtu wa wadi hii ya Nyaribari Chache, penye chai na migomba kila upande, akianza kuzungumzia treni za mfano, zile zinazozunguka mezani juu ya reli yenye upana wa kidole, ana haki ya kuulizwa zinamhusu nini. Zinamhusu sana. Historia ya juhudi za kuzifanya treni hizo zionekane za kweli ni historia ya watu waliotambua, tena kwa kuchelewa, kwamba injini si kiini cha jambo. Kinachomshawishi mtazamaji ni ardhi ambayo treni inapita na alama zinazoachwa na mvua, jua na kazi. Vitu hivyo haviuzwi dukani, na Birongo inavyo tele.

Treni za kwanza za kuchezea hazikujali ukweli hata kidogo. Kampuni ya Märklin ya Ujerumani ilipoleta treni zake za kutia ufunguo kwenye maonyesho ya Leipzig mwaka 1891, jipya lililovutia wanunuzi lilikuwa mpango wa reli zenye vipimo maalum, ili mzazi aweze kuongeza kipande kimoja kila Krismasi. Injini zenyewe zilikuwa bati lililopakwa rangi ya kung'aa, na hakuna aliyeona kasoro kwamba gurudumu lilikuwa nene kupita kiasi. Frank Hornby wa Liverpool alipoingia katika biashara hiyo mwaka 1920 aliifuata njia ile ile: bati, rangi, mng'ao. Mtoto alifurahi, na sioni sababu ya kumlaumu mtu. Lakini watoto hao walikua, wakabaki na mapenzi yao, na mtu mzima akitazama kitu anachokipenda huanza kuuliza maswali ambayo mtoto hayaulizi.

Swali la kwanza lilihusu vipimo, na hapa Afrika Mashariki ina somo lake. Kipimo kinachotumika zaidi duniani ni cha moja kwa 87, na reli yake mezani ina upana wa milimita 16.5. Zidisha 16.5 kwa 87 utapata karibu milimita 1,435, ambao ni upana wa reli ya Ulaya na pia wa SGR iliyozinduliwa kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017. Reli ya zamani, iliyoijenga Nairobi na Kisumu, ni ya mita moja kamili. Anayenunua reli ya kawaida ya dukani na kuweka juu yake injini ya moshi ya Kenya amekwisha kudanganya kabla hata ya kuwasha umeme, kwa kuwa treni yake inapita juu ya njia pana kwa karibu nusu mita kuliko ilivyostahili. Ukweli unadai reli ya karibu milimita 12. Kisha kuna mataruma. Yale ya dukani huwa ya plastiki ya kahawia iliyochorwa nyuzi za mbao, ilhali sehemu kubwa ya reli yetu ya zamani ililazwa juu ya mataruma ya chuma, kwa sababu mchwa wa nchi hii hawana huruma na mbao. Taruma la chuma halina nyuzi. Lina kutu, na kutu hiyo hufanana mno na udongo hivi kwamba kwa mbali huwezi kujua chuma kinaishia wapi na ardhi inaanzia wapi.

Hata hivyo vipimo peke yake havikutosha. Injini iliyopimwa kwa usahihi wote, ikiwekwa juu ya ubao uliopakwa rangi ya kijani, hubaki kitu cha kabatini. Mwingereza John Ahern aliliona hilo mapema. Reli yake ya Madder Valley aliijenga kuizunguka nchi ya kubuni, yenye mji, bandari na barabara zilizopinda, na treni ikawa mpita njia tu ndani ya nchi hiyo. Roye England, kijana wa Australia aliyehamia Uingereza mwaka 1925, alikwenda mbali zaidi. Alihuzunika kuona nyumba za kale za vijijini zikiezuliwa mapaa yao ya nyasi, akaanza kuzipima na kuzijenga upya kwa karatasi ngumu, dirisha kwa dirisha, bustani kwa bustani. Kazi hiyo ndiyo iliyozaa jumba la makumbusho la Pendon, Oxfordshire, mwaka 1954, na reli ya Ahern nayo imehifadhiwa hapo hapo. Anayeingia Pendon akidhani amekuja kutazama treni hujikuta akitazama mashamba ya mboga yanayoweza kufunikwa kwa kiganja.

Kuvuka bahari, Marekani, mpiga picha John Allen wa Monterey, California, aliongeza jambo ambalo wengi waliliona kama uharibifu: alizichafua treni zake. Alizitia kutu, masizi na vumbi, akayafifisha maandishi ya mabehewa kana kwamba yamepigwa na jua miaka 20. Hadi wakati huo mpenzi wa treni alinunua injini kwa bei kali na kuifuta kwa kitambaa laini. Allen alisema kwa vitendo kwamba kitu kipya kabisa ndicho kitu kisichoaminika kabisa. Utundu wake ulifika mbali. Katika reli yake kulikuwa na sanamu ya mjusi wa kale, stegosaurus, iliyopewa namba 13 na jina la Emma, na kazi yake ilikuwa kusukuma mabehewa stesheni. Ni utani mtupu, lakini watazamaji waliukubali, kwa sababu kila kilichomzunguka Emma kilikuwa na uzito wa ukweli. Sijui ushahidi mzuri kuliko huo wa hoja yangu: mandhari yakikubalika, hata mnyama aliyetoweka mamilioni ya miaka iliyopita hupewa kazi ya reli. Allen alifariki Januari 1973, na siku chache baadaye moto ukaiteketeza reli yake. Picha zake ndizo zilizoendelea kufundisha.

Hapa kuna pingamizi linalostahili kusikilizwa. Je, si kweli kwamba injini zetu za zamani zilikuwa safi? Mwaka 1955 na 1956 kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester kilijengea Shirika la Reli la Afrika Mashariki injini 34 za aina ya Garratt, daraja la 59, kila moja ikiwa na tani 252 hivi na jina la mlima wa Afrika Mashariki ubavuni. Zilikuwa injini za moshi kubwa kuliko zote duniani kwenye reli ya mita moja, zilipakwa rangi ya damu ya mzee, na baadhi, kama Mount Gelai, zilisifika kwa jinsi madereva wake walivyozing'arisha. Anayeichafua Garratt basi anaidhulumu, watasema wengine. Nakubali nusu ya hoja hiyo. Uchafu unaopakwa ovyo ni uongo kama mng'ao unaopakwa ovyo, na siku hizi wako wanaozeesha treni kwa mazoea tu, kila behewa kutu ile ile. Lakini hata injini iliyopendwa na dereva wake haikusafishika kote. Kitambaa kilifika kwenye shaba, jina na ubavu. Hakikufika chini ya fremu, ambako vumbi la nyika ya Taru lilinata kwenye grisi. Garratt hizo zilichoma mafuta mazito, si makaa ya mawe, kwa hiyo masizi yake yalikuwa meusi na yenye unato, na kumwagia vumbi la makaa ni kukosea. Usafi nao una mahali pake, na mtengenezaji asiyejua nani alifuta nini hajui anachokitengeneza.

Pingamizi la pili ni zito zaidi kwa msomaji wa Gusii: kwamba haya ni mapenzi ya Wazungu wenye pesa na vyumba vya ziada, na kwetu hayana mizizi. Mizizi ipo, ila ina majina mengine. Mtoto anayekunja waya akaunda lori, akakata magurudumu kwenye ndara iliyokatika, akaongeza usukani mrefu ili aliendeshe akiwa amesimama, ni mtengenezaji wa mifano. Tazama anachokichagua. Hahangaiki na rangi wala maandishi. Anataka magurudumu ya mbele yapinde, na juu kuwe na mahali pa mzigo. Amenakili kazi ya gari, na kazi ndiyo iliyowachukua Wazungu miongo kadhaa kuitambua. Na safari fupi kutoka Birongo, huko Tabaka, mawe laini yamechongwa kwa vizazi vingi, kwanza mabakuli, viko na bao za kuchezea, baadaye wanyama wa kuwauzia watalii. Wanaume huchonga, wanawake husugua kwa msasa na maji hadi jiwe liwe laini kama ngozi. Mng'ao huo wa mwisho ni haki ya mchongaji, kwa kuwa anauza jiwe lenyewe. Mtengenezaji wa reli ndogo anahitaji mkono ule ule, ila ausimamishe mapema na kuuacha uso uwe mkavu.

Chukua mteremko mmoja wa Birongo na uuweke mezani kwa kipimo cha moja kwa 87. Kichaka cha chai chenye kimo cha mita moja kinakuwa milimita 11.5 hivi. Mgeni angekitengeneza duara, kama kichaka cha maua. Mwenyeji anajua kuwa chai inayochumwa ina uso bapa, kwamba majani machanga ya juu yana kijani cha manjano na ya chini ni meusimeusi, kwa hiyo atahitaji unga wa mbao uliochekechwa na kutiwa rangi mbili. Mawimbi ya bati la paa, ambayo kwa kawaida yapo kila milimita 76, yanapungua hadi chini ya milimita moja, na karatasi ya aluminiamu ikikandamizwa juu ya nyuzi zilizopangwa huyatoa vizuri. Kutu haianzii katikati ya bati. Huanzia kwenye misumari, kwenye mabati yanapopandana, na ukingoni maji yanapodondokea. Kuta nazo zina alama ambayo mtu wa nchi kame hawezi kuibuni: mvua ya milimani hupiga ardhi na kurusha udongo mwekundu ukutani, ukabaki mkanda wa wekundu chini ya kila nyumba nyeupe. Mezani mkanda huo ni kama milimita sita. Ukiusahau, nyumba yako inaelea.

Udongo wenyewe unataka hadhari. Punje ya milimita moja mezani ni jiwe la karibu sentimita tisa, kubwa kuliko kokoto ya reli, kwa hiyo udongo wa shambani ukitumiwa jinsi ulivyo hugeuka uwanja wa mawe. Ukaushwe, upondwe, uchekechwe kwa kitambaa. Ukishika gundi hukoza rangi, hivyo uchanganywe na kitu cheupe kidogo kabla ya kumwagwa. Na kwa jumla rangi zote zipunguzwe ukali, kwa maana mtazamaji aliyesimama mita moja kutoka mezani ni kama yuko mita 87 kutoka kijijini, na kwa umbali huo macho huona hewa kati yake na kilima.

Litabaki swali la injini: mtu ataigaje treni asiyokaa nayo? Hili ndilo pingamizi dhaifu kuliko yote, kwa sababu treni hupimika na ardhi haipimiki. Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971, yana Garratt ambazo mtu anaweza kuzizunguka na futikamba mkononi. Stesheni ya Muhoroni na ya Kisumu si mbali, na treni ya abiria kutoka Nairobi ilirejea Kisumu Desemba 2021 juu ya reli ile ile ya zamani. Siku chache zinatosha kuijua treni kwa vipimo. Kuujua mteremko wa chai kunachukua utoto mzima. Tena si lazima treni ipitishwe mahali isipowahi kupita. Gati la Kendu Bay, na magunia yanayosubiri meli ya Kisumu, lingekuwa picha ya kweli zaidi ya uhusiano wa Kisii na reli kuliko stesheni yoyote ya kubuni.

Mpango wa kuifikisha SGR Kisumu kutoka Naivasha unaipitisha njia hiyo Narok, Bomet na Nyamira. Ikijengwa, vilima vitakatwa, mabonde yatavukwa kwa nguzo za zege, na sehemu za nchi hii zitabadilika zisirudi zilivyokuwa. Walimu wa Kisii na Nyamira wanaowapa wanafunzi kazi za mikono wangefanya vyema kuwatuma sasa kupima mapaa, vichaka vya chai na mabanda ya kupimia majani, na kuvijenga kwa kadibodi na udongo uliochekechwa. Injini inaweza kununuliwa baadaye.