Sindano ya Ndani ya Ngozi: Ilitoka Wapi?

Leo tuzungumze juu ya swali ambalo huulizwa sana kliniki: "Sista, mbona BCG unaidunga juu juu tu? Dawa imeingia kweli?" Sindano nyingine huzamishwa kwenye paja la mtoto. Hii hulazwa karibu sambamba na mkono wa kushoto, chini ya kiwiko, kisha hutokea kivimbe kidogo cheupe, chenye vitundu kama ganda la chungwa. Kivimbe hicho kina historia ndefu.

Mwaka 1908, huko Ufaransa, daktari Charles Mantoux alieleza jinsi ya kuweka tone dogo la dawa ya kupimia kifua kikuu ndani ya ngozi yenyewe, si chini yake. Mkono ukivimba, huyo amekwisha kukutana na viini vya ugonjwa. Kipimo hicho kinatumika hadi leo. Mwaka huo huo, mjini Lille, Albert Calmette na Camille Guérin walianza kuotesha viini vya kifua kikuu cha ng'ombe juu ya viazi vilivyotiwa nyongo. Walivihamisha mara 230 kwa miaka 13, hadi vikapoteza makali. Herufi C na G katika jina BCG ni zao.

Lakini mwanzoni chanjo hiyo haikudungwa. Mtoto wa kwanza, mjini Paris mwaka 1921, alinyweshwa. Mama yake alikuwa amekufa kwa kifua kikuu baada ya kujifungua, na wa kumlea alikuwa nyanya, susu kama tusemavyo Ukambani, naye pia alikuwa na ugonjwa huo. Mtoto hakuugua.

Kisha yakaja ya Lübeck, Ujerumani. Mwaka 1930 watoto wachanga wapatao 250 walinyweshwa chanjo, na 72 wakafa. Uchunguzi ulionyesha kwamba katika maabara ya huko chanjo ilichanganyika na viini vikali vya kifua kikuu. Kosa halikuwa la BCG yenyewe, lakini hofu ilienea mbali. Mimi simcheki mama anayeuliza maswali kabla ya mtoto wake kuchanjwa. Aulize, ajibiwe.

Wakati huo, nchini Uswidi, daktari Arvid Wallgren alikuwa amekwisha kushika njia nyingine. Tangu mwaka 1927 aliidunga BCG ndani ya ngozi. Mtoto anayenyweshwa anaweza kutapika, usijue kimebaki kiasi gani tumboni. Anayedungwa, kiasi kinajulikana. Baada ya Vita Kuu ya Pili njia hiyo ilienezwa katika nchi nyingi kwa kampeni kubwa za UNICEF na Msalaba Mwekundu wa Denmark, na mpango wa chanjo wa Kenya, KEPI, ulipoanza mwaka 1980, BCG ya mtoto mchanga ilikuwa ndani yake.

Kwa nini ngozi? Kwa sababu ngozi si ganda tu la kufunika nyama. Imejaa chembe za ulinzi, askari wa mwili, wanaokamata kila kigeni na kupeleka habari kwenye tezi. Ndiyo maana kiasi kidogo hutosha: mtoto wa chini ya mwaka 1 hupewa mililita 0.05 tu. Sindano ikipita hadi chini ya ngozi, jipu laweza kutokea, au tezi za kwapa zikavimba. Ikiwa juu mno, dawa humwagika.

Na nafasi yenyewe ni finyu sana. Mwaka 2007 watafiti walichapisha vipimo vya ngozi ya watu wazima 342, weupe, weusi na wa Asia, wenye umri wa miaka 18 hadi 70. Walitumia altrasaundi, ndugu ya ile mashine inayompiga picha mtoto tumboni. Begani ngozi ilikuwa na unene wa milimita 2 hivi, karibu sawa na punje ya mchele. Pajani ilikuwa milimita 1.5, na mgongoni juu ilifika 2.5. Jambo lililonifurahisha ni hili: tofauti kati ya sehemu za mwili ilikuwa kubwa kuliko tofauti kati ya mtu na mtu, awe mnene au mwembamba, mume au mke. Mafuta hukaa chini ya ngozi. Kwa hiyo usiseme mtoto wako ni mnono hivyo adungwe kwa nguvu. Ngozi ya mtoto ni nyembamba hata kuliko yako.

Kutokana na vipimo kama hivyo ilitengenezwa sindano ya milimita 1.5, inayosimama wima bila kupita ngozi. Ulaya iliidhinisha chanjo ya mafua ya namna hiyo mwaka 2009, ingawa haiuzwi tena. Kwa BCG, sisi bado tunategemea jicho na mkono wa muuguzi. Kwa hiyo mama, mshike mtoto imara, mkono usicheze.

Watu wazima nao wananufaika. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza chanjo ya kichaa cha mbwa ndani ya ngozi, mililita 0.1 mahali pawili, siku ya kwanza, kisha baada ya siku 3 na siku 7. Hivyo kichupa kimoja hutosha watu kadhaa. Kwetu Machakos, ambako mbwa wa kuzurura si wachache, hilo si dogo.

Sasa turudi kwa mtoto. Kivimbe cha kwanza hupotea upesi. Baada ya wiki chache hutokea kingine, huweza kutoa usaha, kisha hukauka chenyewe. Usikikamue, usikipake majivu, mafuta wala dawa ya miti, usikifunge. Mwogeshe kama kawaida. Kwapa likivimba, au kidonda kikizidi kukua, mlete kliniki na Kitabu cha Mama na Mtoto. Na kama kovu halikuonekana, usihangaike usiku kucha: mwonyeshe muuguzi mkono huo na kitabu, aangalie tarehe ya chanjo iliyoandikwa.