Joto Lianzie Wapi?

Mwezi wa saba Gitothua kuna baridi ya kijinga, ile ya kuamka na suruali mbili. Julai moja, muda mfupi baada ya kuacha chuo, nilikuwa nimepata mboka ya kutengeneza bampa za matatu kwa faiba. Unatandaza kitambaa cha nyuzi kwenye moldi, unakipaka resini iliyochanganywa na hadena, unasubiri ishike.

Asubuhi moja haikushika. Ilinata kama uji uliolala. Nikaona niwashe jiko la makaa kando yake, nijifanye fundi. Upande wa jiko ukakauka ukawa mgumu. Upande wa moldi, kule ndani, ukabaki laini. Bampa ilipasuka kabla haijafungwa kwenye gari, na nikakatwa pesa ya siku tatu. Nikaanza kusoma kwa hasira.

Kumbe hata wakubwa wamelia. Mwaka 1961 Akio Shindo alitengeneza nyuzi za kaboni huko Osaka, Japani, na miaka michache baadaye Waingereza wa Farnborough wakazipa nguvu za kutumika kwenye ndege. Rolls-Royce wakazikimbilia. Injini yao ya RB211 ilikusudiwa kuwa na mapanga ya nyuzi za kaboni, mepesi ajabu. Mwaka 1970, kwenye jaribio la kugongwa na ndege, ndege huyu wa manyoya, mapanga yakavunjika. Wakarudi kwa chuma cha titani. Gharama za injini hiyo zikawazidi, na Februari 1971 kampuni ikafilisika, serikali ikabidi iichukue.

Baada ya hapo ufundi ulikua polepole. Dreamliner ambayo Kenya Airways ilianza kupokea mwaka 2014, karibu nusu ya uzito wake ni nyuzi zilizogandishwa kwa resini. Lakini resini ya ndege si ya bampa. Molekuli zake hushikana mikono vizuri kwenye joto la nyuzi 180 hivi, tena chini ya presha ya kukamua mapovu yote. Kwa hiyo kipande huingizwa kwenye tanuri la presha, yaani sufuria ya presha ya kumeza kipande kizima cha mwili wa ndege. Inapashwa hewa, hewa inapasha moldi, moldi inapasha kipande. Jiko langu la makaa, ila la mamilioni ya dola.

Hapo ndipo vitu vidogo vinaingia. Mwaka 1991 Sumio Iijima, Mjapani pia, aliandika kuhusu mirija ya kaboni myembamba maelfu ya mara kuliko unywele. Mirija hiyo hupitisha umeme. Mwaka 2015 kikundi cha Brian Wardle pale MIT, Marekani, kilifunika kipande kwa utando wa mirija hiyo, kikapitisha stima, na kipande kikashika sawa na kilichotoka kwenye tanuri, kwa takriban asilimia 1 tu ya nishati. Na presha je? Baadaye wakaweka utando mwingine katikati ya matabaka. Vinyweleo vyake vinavuta resini kama utambi unavyovuta mafuta ya taa, matabaka yanabanana yenyewe.

Wengine huchanganya chembe hizo ndani ya resini moja kwa moja ili joto lisambae. Ukizidisha, zinafanya madonge kama unga kwenye maji ya moto, na resini inakuwa nzito haipiti katikati ya nyuzi. Mtu yeyote aliyewahi kusonga ugali angewaonya.

Nilimweleza fundi wangu haya yote tukinywa chai. Akacheka.

"Stima gani, kijana? Hii inayopotea kila jioni?"

"Buda, inatumia kidogo tu. Hata betri ya gari pengine."

Akanyamaza. Akaangalia moldi iliyofunikwa gunia, bado inanata. Kisha akauliza huo utando unauzwaje kwa mita.